Hedifoni, Kochi na Baba Mkwe

Wengi wenu mmeisikia habari hii kutoka kwa Okari, na Okari huisimulia vibaya, hutia chumvi, husema eti siku ile baba mkwe alinikuta nimevaa kaptula. Sikuwa na kaptula. Nilikuwa na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, na mkanda. Shati ndilo sikuwa nalo, na nitaeleza kwa nini, maana aibu hii nikiisimulia mwenyewe angalau itabaki na ukubwa wake wa kweli, ambao unatosha kabisa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyansiongo. Kazi yangu ilikuwa kupima majani: mkulima analeta kikapu, mimi nasoma mizani, yeye anasema mizani ina uongo, mimi nasema haina, kesho yake tunarudia. Nilipewa nyumba ya kiwanda yenye sebule na chumba kimoja, si kubwa, lakini ilikuwa na stima, na siku hizo mtu mwenye stima ndani ya nyumba yake alitembea tofauti kidogo, hata mimi mwenyewe nilijiona nikitembea hivyo.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu, mjane, wa mwisho mwisho kuhama mashamba ya walowezi ya pale, ambaye alikuwa akiuza vyombo vyake vya nyumbani. Nilienda kwake kutazama kitanda. Nilitoka bila kitanda (nililala sakafuni miezi minne baada ya hapo, nisiwafiche), nikatoka na kochi moja la kukalia mtu mmoja, mashine ya kuchezea santuri, amplifaya ya valvu, yaani mashine ya kukuza sauti, yenye uzito wa gunia la mahindi, na hedifoni, yaani zile spika mbili ndogo za kuvaa masikioni, zimefungwa kwa ngozi nyeusi, nzito, ukizivaa dunia yote inanyamaza. Yeye alitaka baiskeli ya kumwachia mpishi wake kama zawadi ya kuagana, nami nilikuwa na baiskeli. Nikarudi nyumbani kwa miguu nyuma ya mkokoteni wa kuazima, nimefurahi, na tangu siku hiyo kila mahali nimekwenda kwa miguu.

Yule mama alinifundisha kitu kimoja kabla ya kuondoka, kwamba si kila hedifoni inaelewana na kila amplifaya. Nilidhani ni maneno ya Kizungu tu. Lakini baba yangu mdogo, aliyekuwa mtu wa simu za jeshi wakati wa vita, alikuwa amenipa hedifoni zake kuukuu, na nilipozijaribu kwenye ile mashine nilisikia mvumo wa nyuki na nyuma ya nyuki, mbali sana, mtu akiimba. Nikachomoa, nikachomeka zile za yule mama, nikasubiri valvu zipate moto (ni taa ndogo za kioo, zinawaka rangi ya makaa, na bila dakika ishirini za kupata moto hazikupi kitu), kisha nikaweka sindano juu ya santuri. Jamani. Nilisikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Nilisikia kidole kikiteleza juu ya waya. Nilikaa pale kwenye kochi machozi yakinilengalenga kama mtu aliyefiwa, na sioni haya kulisema hilo, haya ninayo ya mambo mengine.

Mambo hayo mengine yalianza na Moraa. Moraa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao Marani, mrefu, mwenye kucheka polepole, anaanza kucheka wakati wengine wamemaliza. Nilimpenda. Sina maneno ya kupamba hapo, nilimpenda na nilitaka kumuoa, na yeye alikuwa amekubali, kilichobaki ni baba yake. Baba yake, Mzee Mogaka, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa kofia na koti hata jua likiwaka, ambaye hakunywa chai (mimi nalala ndani ya harufu ya chai, nguo zangu zote zinanuka chai) na ambaye kwake muziki wa dansi na kazi ya shetani vilikuwa kitu kimoja. Tena Marani yote ilijua jambo moja juu yake, kwamba ukimkaribisha na kumkalisha pahali laini haondoki.

Kwetu Kisii kuna mtu anaitwa esigani, mshenga wa kuchunguza. Huyu kazi yake ni kwenda katika ukoo wa kijana na kuuliza pole pole: Kuna uchawi? Kuna kifafa? Kuna wendawazimu, hata wa babu, hata wa kupita? Likipatikana hata moja, msichana harudi nyuma kutazama. Esigani wa upande wa Moraa alikuwa Mama Nyaboke, mama mwembamba mwenye macho ya kuhesabu, na alikuwa ameshafika kwetu Nyacheki akauliza majirani, akaridhika. Kilichobaki ni Mzee mwenyewe kuja na dada yake Bosibori na huyo esigani, Jumapili moja saa nane, kuona nyumba ambayo binti yake angeishi. Wakitoka hapo wameridhika, ng'ombe wanaanza kuzungumzwa. Wakitoka hawajaridhika, Moraa anatafutiwa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa, wala hapakuwa na mlango wa nyuma.

Nilijitayarisha. Dada yangu Kwamboka alikuja toka nyumbani kupika: kuku wawili, ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa usiku mzima. Okari, karani mwenzangu, nilimpa kazi ya kusimama kwenye njia na kuniarifu wageni wakionekana. Yeye ndiye pia aliyenisaidia kupanga viti, tukakubaliana kwamba Mzee apewe kiti cha mbao, kile chenye mguu mfupi, ili ziara isirefuke, maana esigani akikaa sana ndani ya nyumba ataona kila kitu, na chini ya meza kulikuwa na santuri kumi na moja za dansi zimefunikwa kwa gunia. Kochi tulilisukuma kwenye kona, karibu na amplifaya.

Saa saba na nusu kila kitu kilikuwa tayari, au ndivyo nilivyodhani. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilijiambia hivi: mgeni wa posa akisema saa nane maana yake ni saa kumi, kila mtu anajua, hata kuku anajua. Nina zaidi ya saa mbili za kukaa nikitetemeka. Je, nikisikiliza upande mmoja tu wa santuri, upande mmoja, nani atajua? Dansi itakuwa ndani ya masikio yangu, haitatoka nje, hata malaika hatasikia. Nikawasha mashine. Nikafunga pazia kwa sababu valvu zinapendeza gizani. Nikavua shati langu jeupe nikalitundika msumarini lisikunjike, nikabaki na fulana (ndiyo hiyo habari ya shati). Nikakaa kwenye kochi, nikavaa hedifoni, nikafumba macho.

Nilichosahau ni kwamba Wasabato wale wa Marani walikuwa wamezoea kengele ya kanisa, na kwao saa nane ilikuwa saa nane. Nilichokuwa sijui ni kwamba Kwamboka, ambaye hachinji, alikuwa amemwita Okari nyuma ya nyumba amchinjie kuku wa pili, na yule kuku alikuwa ametoroka kuelekea kwenye majani chai, na Okari nyuma yake.

Basi wageni walifika kwa wakati wao, wakabisha hodi, wakabisha tena. Ndani wakasikia mtu anaimba. Hapakuwa na redio, hapakuwa na ala, ni sauti ya mwanamume peke yake inayopanda inashuka na kunyamaza ghafla katikati na kuanza tena mahali pengine, kwa sababu mimi nilikuwa nikiimba pale ninapojua maneno tu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu bila komeo, wakaingia. Niliyoyaona mimi hayana maana kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho, lakini nimeelezwa mara nyingi walichoona wao: giza, sanduku la chuma lenye moto ndani, na kamba nyeusi inatoka kwenye sanduku kwenda kwenye kichwa cha kijana aliyevaa fulana, anayetikisa kichwa.

Mama Nyaboke, kwa huruma, akaniwekea mkono begani.

Mimi nikajua ni Okari. Ni nani mwingine? Wimbo ulikuwa umefika pale tarumbeta inapoingia, sikutaka kufumbua macho na kupoteza tarumbeta, kwa hiyo nikanong'ona. Nawaapia nilinong'ona. Lakini mtu aliyeziba masikio hivyo hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani, na wale waliokuwa zamu ghorofani kiwandani, mahali pa kunyaushia majani, walinipongeza kesho yake kwa maneno yale yale, neno kwa neno.

"WAMEFIKA?" nikanong'ona. "MPE YULE MZEE KITI CHA MBAO! AKIKALIA KOCHI HAONDOKI MPAKA SUFURIA YA MWISHO IOSHWE!"

Mkono haukuondoka begani. Nikaona Okari anangoja maagizo zaidi.

"NA HUYO DADA YAKE MPE CHAI. ATAKUNYWA. WOTE HAO HUNYWA WAKIWA MBALI NA MCHUNGAJI!"

Tarumbeta ikaisha. Nikafumbua macho.

Sitaeleza uso wa Mzee Mogaka. Kwetu baba mkwe hatazamwi usoni ovyo hata siku njema, kuna heshima tunayoiita ensoni: hamshikani ovyo, hamtajiani mambo ya aibu, humwoni nusu uchi wala yeye hakuoni. Mimi nilikuwa na fulana. Niliruka nikimbilie shati, na nilikuwa nimesahau kwamba nimefungwa, waya ukafika mwisho wake, amplifaya kwa uzito wake haikusogea, mimi ndiye niliyerudi. Nilikaa tena kwenye kochi kwa kishindo. Mzee akatoka nje kinyumenyume, kofia mkononi, na dada yake akamfuata akisema, "Obe! Obe! Obe!"

Nikavaa shati. Vifungo nilivipishanisha lakini hilo nilikuja kuliona jioni. Mama Nyaboke peke yake ndiye aliyebaki ndani, akavuta kiti cha mbao, akakaa mbele yangu, akaanza kwa sauti ya upole ambayo hadi leo sijaisahau.

"Momanyi, mwanangu," akasema, "ulianza lini?"

"Kuanza nini, mama?"

"Kutiwa stima kichwani."

Nilipaswa kunyamaza nifikiri. Sikufikiri, nilikuwa nataka kueleza haraka.

"Si muda mrefu, mama. Hizi nimezipata juzi. Zile za kwanza nilipewa na baba yangu mdogo. Yeye alianza nazo vitani."

"Baba yako mdogo naye," akasema, akitikisa kichwa. "Ndugu wa baba, tumbo moja?"

"Tumbo moja. Lakini zake zilikuwa na mvumo. Ulikuwa unasikia nyuki."

"Nyuki kichwani."

"Ndiyo. Hizi hazina. Ila lazima mashine ipate moto kwanza, dakika ishirini. Bila hiyo sisikii vizuri."

Mama Nyaboke akanishika mkono. Nikaona machozi kwenye macho yake yale ya kuhesabu, na hapo ndipo nilipoelewa nimesema nini.

"Mama, mimi si mgonjwa! Hii ni ya muziki!"

Akaniachia mkono. Kisha akaniambia jambo ambalo hata mimi nililiona lina haki yake. Akasema, "Sikiliza, mwanangu. Mzee yuko nje anangoja neno langu. Nikimwambia wewe ni mgonjwa, atakusamehe yale matusi, mgonjwa hatukani, lakini binti hatakupa. Nikimwambia wewe ni mzima, basi matusi yale uliyatoa kwa akili zako timamu, na binti hatakupa. Niambie nimpelekee lipi."

Nilikaa pale nikimwona Moraa anaondoka mikononi mwangu. Okari alitokea mlangoni wakati huo, magoti yana tope, kuku mkononi, akasema kwa furaha, "Nimempata! Bado hawajafika?"

Mwisho nikasema, "Mama, mwambie Mzee ajaribu mwenyewe. Akivaa akanong'ona, mtasikia wenyewe mashine hii humfanyia nini mtu mzima."

Sikutegemea akubali. Lakini mzee wa kanisa akiambiwa kuna kitu hajakijua, anaona ni wajibu wake kukijua ili aweze kukikataza. Akaingia, hakunitazama, nami sikumtazama, tukawa tunazungumza kupitia kwa Mama Nyaboke ingawa tulikuwa hatua mbili.

"Muulize kama ni nyimbo za dunia," akasema Mzee.

"Mwambie ninayo ya kwaya, Tata," nikasema, maana baba kwetu ni Tata, na kweli ilikuwepo moja, yule mama wa Kizungu aliniachia, kinanda cha kanisa kubwa na kwaya ya watu wengi. Nikaitoa chini ya gunia bila kuinua gunia, kazi ngumu, nikaiweka.

Hapo likaja tatizo. Waya wa hedifoni ulikuwa mfupi. Haukufika kwenye kiti cha mbao. Ulifika penye kochi tu, na kona ile haikuwa na nafasi ya kiti kingine. Mzee akalitazama lile kochi, sote tukalitazama, akakaa. Likamzamisha pole pole. Mimi singeweza kumgusa kichwa, ensoni hairuhusu, kwa hiyo Mama Nyaboke ndiye aliyemvua kofia na kumvika zile ngozi nyeusi masikioni. Nikashusha sindano.

Mwanzoni alikaa kama mtu anayepimwa na daktari. Kisha mabega yakashuka. Kisha akafumba macho, na midomo yake ikaanza kufuatana na kwaya, na nilimwona akisikia pumzi za wale waimbaji, najua alizisikia, kwa sababu uso wake ulikuwa kama wangu siku ile ya kwanza. Kwa muda nilisahau kuogopa. Nilimpenda hata yeye.

Halafu akamwinamia dada yake, akakinga mdomo kwa kiganja kama mtu anayetoa siri kanisani, akanong'ona.

"BOSIBORI! HIKI KITI NI KIZURI SANA! TUSIONDOKE KABLA YA KUKU WA PILI!"

Kuku wa pili, ambaye alikuwa bado mkononi mwa Okari, alipiga mabawa.

"NA HIYO CHAI," akaendelea Mzee, "WAKIKUPA KUNYWA TU! MCHUNGAJI HAYUPO!"

Bosibori akatazama sakafu. Mama Nyaboke akatazama dari. Mimi nilitazama msumari uliokuwa na shati langu, nikautazama kwa heshima kubwa, kwa sababu ensoni hiyo hiyo iliyokuwa imeninyonga saa moja iliyopita sasa ilitutaka sote wanne tuwe hatujasikia kitu, nasi hatukusikia. Okari peke yake ndiye aliyetoka nje akaenda kucheka kwenye majani chai, na ndiyo maana habari hii mnayo.

Walikula. Mzee alikula kwenye kochi. Bosibori alikunywa vikombe vitatu. Waliondoka jua likizama, Kwamboka alipokuwa akiifunika sufuria ya mwisho, imeoshwa.

Baada ya wiki mbili Mama Nyaboke akaja na neno. Kwamba nimeonekana kuwa mzima. Kwamba matusi hayawezi kujadiliwa kwa kuwa hakuna aliyeyasikia. Kwamba natozwa mbuzi mmoja kwa ajili ya fulana. "Na jambo la mwisho," akasema, "Mzee anasema vile vitu vya masikio havifai kukaa katika nyumba atakayoishi binti yake. Viletwe Marani, avihifadhi yeye."

"Lakini Marani kwake hakuna stima," nikasema.

"Hakuulizia stima."

Usiku ule nilizishika zile hedifoni mapajani bila kuwasha mashine. Mtaniona mjinga, lakini niliumia. Fundi mmoja wa Kisii mjini alinitafutia nyingine baadaye, mbili tofauti, hakuna iliyoelewana na ile amplifaya, na zile za baba mdogo ziliniletea nyuki wake wale wale. Zile za yule mama nilizifunga kwa gazeti nikazipeleka pamoja na mbuzi. Moraa aliposimuliwa aliendelea kusahihisha madaftari, na robo saa baadaye ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala juu ya meza, na nilipomwona hivyo nikaona sijapoteza kitu.

Tangu hapo nimeapa sitanong'ona nikiwa nimevaa kitu chochote masikioni, hata kofia ya baridi. Wageni wakisema saa nane, saa saba nimeshavaa shati.

Na hedifoni? Mzee hukaa nazo barazani, waya ameukunja ndani ya mfuko wa koti, haukuchomekwa popote. Anasema zinazuia baridi, na zinampumzisha na maneno ya nyumbani. Kila tukienda kumwamkia, mimi na Moraa, yeye hutuona tukiwa bado langoni, na kabla hatujafika humwinamia mkewe, hukinga mdomo kwa kiganja, na hunong'ona, kijiji chote kikisikia:

"AMEKUJA! MPENI KITI CHA MBAO, HUYU AKIKAA HAONDOKI!"

Nami huingia, huamkia kwa heshima, na hukaa pale ninapoonyeshwa. Sijasikia kitu.